Ujumbe wa Jumamosi Nilioufuta

Kiogoro,
Jumamosi jioni.

Mogaka mwanangu,

Jua limezama, Sabato imekwisha, na kalamu imepata ruhusa. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya kabla ya safari yako ya kesho ya Nairobi, na umesema utarudi ukiwa umeshiba. Makori yuko jikoni anamenya ndizi huku akiimba wimbo wa Kikatoliki ambao sauti yake haiufikii. Mwanamume wa Kigusii mwenye mvi, na kisu cha ndizi mkononi. Jana mama wa jirani alichungulia mlangoni akamwuliza, "Makori, kwani wewe ulioa au uliolewa?" Hakuinua hata kichwa. "Niliolewa, mama. Na mahali penyewe ni pazuri." Nilicheka mpaka nikatafuta kiti.

Hii ni wiki ya saba tangu tufunge ndoa, na bado nikisikia kikohozi chake nje, moyo wangu unafanya kama wa msichana wa kidato cha pili. Najua utaona haya kusoma maneno kama haya. Kwetu mzazi haketi na mwanawe akamsimulia mapenzi yake. Ensoni inamziba mdomo, ile haya ya heshima iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto. Ndiyo maana ninakuandikia kwa Kiswahili. Ekegusii ni lugha ya nyumbani, na ensoni imekaa ndani yake kama moshi ndani ya nyasi za paa. Kiswahili nilikipata shuleni, nikakinoa dukani ninakofanya kazi nikiongea na watu wasionijua, na ndani yake ninaweza kusema mambo ambayo ulimi wa mama yangu haunikubalii. Nitakapomsifu Makori kupita kiasi, ruka mstari. Kwingine usiruke.

Sikuandikii habari za blanketi, wala za maji ya kunywa, wala za marafiki wabaya. Hayo umeambiwa na kila shangazi kutoka hapa hadi Manga, na wengine wamerudia. Mimi nina neno moja, na nitalisema kabla ujasiri haujapoa.

Mwaka jana hukukosa nafasi ya chuo. Ulichaguliwa. Chuo kilikutumia ujumbe kupitia kompyuta ya dukani, nami nikaufuta bila kuusoma. Baadaye nikajua nilichofanya, nikanyamaza. Ule mwaka mzima uliokaa Manga ukichuma chai kwa mjomba wako, ukiamini kwamba hukutosha, mimi ndiye niliyekupa. Barua ya chuo yenye kuthibitisha hayo nimeikunja ndani ya hii.

Sasa umelijua, na unaweza kuacha kusoma hapa ukiwa na haki zote. Lakini ningependa uendelee, kwa sababu kosa langu limo ndani ya kazi ile ile unayokwenda kujifunza.

Unakumbuka Mama Hansa alivyoleta kompyuta dukani. Watu wote wa mtaa ule wa mjini walidhani tajiri wangu amechanganyikiwa. Mhindi wa karatasi za shule na vinyago vya mawe, anataka nini na televisheni isiyoonyesha mpira? Mpwa wake aliye Uingereza ndiye aliyetengeneza ukurasa wetu wa kwanza wa intaneti. Kiboko wa mawe, bakuli, seti ya sataranji, namba ya simu, basi. Tuliutazama siku ya kwanza kana kwamba ni mtoto mchanga. Mama Hansa aliugusa kioo kwa kidole. "Kwamboka, mtu wa Kanada anaona kiboko hiki hiki?" Nikamwambia ndiyo. "Na sisi tunamwona yeye?" Nikamwambia hapana. Akavuta midomo. "Basi ni kibao cha duka tu. Kirefu, lakini ni kibao."

Na kweli kilikuwa kibao. Tukitaka kubadilisha neno moja tulimwandikia mpwa wake tukangoja. Aliyepita alisoma akapita. Mimi nilikipenda hivyo hivyo, Mogaka, nisikufiche. Nilipenda kitu kilichosema mara moja na hakiulizwi. Nilikuwa mjane wa miaka mingi, mama wa mtoto mmoja, katibu ambaye hakuwahi kupoteza hata karatasi moja, na nilikulea wewe kwa namna hiyo hiyo. Nilitangaza. Viatu vipigwe rangi, Sabato ishikwe, hesabu zifanywe. Ulikuwa mtoto mtiifu, kwa hiyo nilidhani tunaelewana.

Halafu yule mpwa akaubadilisha ukurasa. Akaweka fomu, mtu aandike anachotaka, nasi tukipiga simu Nairobi kwa kile kisanduku cha modemu kinacholia kama kuku aliyekanyagwa, maneno yake yanatufikia. Akaweka na kitabu cha wageni, ambamo anachoandika mtu kinabaki pale na atakayekuja baadaye anakiona na kukijibu, sisi tukiwa tumelala zetu Kiogoro. Mwanamke mmoja akaandika kwamba bakuli lake limepata doa la mafuta. Kabla sijajua nimjibu nini, bwana mmoja wa nchi nyingine kabisa alikwisha kumweleza namna ya kulisugua. Nilikasirika. Nilimwambia Mama Hansa, "Hawa wageni wanaongea wenyewe kwa wenyewe ndani ya nyumba yetu." Mwingine akauliza kwa nini kiboko lazima awe amepanua mdomo, maana vumbi linajaa humo na yeye mteja hana mswaki wa kumsugulia. Wachongaji walicheka siku nzima. Kisha wakamchonga mmoja aliyefunga mdomo, akanunuliwa, wakaombwa wengine, mpaka meza yote ikawa ya viboko walionyamaza.

Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha nne, ukawa unakuja kila siku kukaa nyuma yangu na kusoma. Siku moja ulisema, "Mama, ukurasa huu sasa wanaandika wateja. Sisi tunashika kalamu tu." Nilikuambia uondoe kiwiko mezani. Lakini nilikusikia. Ukajaza fomu ya kuomba kile chuo cha Nairobi kinachofundisha kompyuta, na mahali pa anwani ukaandika ile ya duka, ya posta na ya mtandao zote mbili, ukijivuna kwamba wewe ni mtu mwenye anwani mbili.

Ni wakati huo huo mzee wa kanisa aliponisimamisha mlangoni baada ya ibada. Hakuwa mkali. Alinishika mkono akauliza, "Dada Kwamboka, tunasikia mashine yenu sasa inapokea oda. Je, Sabato huwa inapumzika?"

Fikiria swali hilo. Kibao hakifanyi kazi Sabato, kimesimama tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza juu ya kibao. Lakini kitu kinachopokea maneno ya watu, kinachosema asante tumepata, hicho kinafanya kazi au hakifanyi? Na kama kinafanya, dhambi ni ya nani? Watu walikuwa wanasikiliza, na mimi sikuzoea kukosa jibu. Nikasema, "Inapumzika, mzee."

Haikuwa inapumzika. Kwa hiyo nikaamua kuyafanya maneno yangu yawe kweli. Kila ujumbe huja na siku na saa yake. Nikajiwekea sheria kwamba Jumapili asubuhi, nikishavuta barua za mtandao, zote zilizoingia tangu Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi jua linapozama, nizifute bila kuzifungua. Nilijiambia ni kama ile mana ya Waisraeli jangwani iliyolazwa ikaoza. Baadaye nilisoma vizuri nikakuta kwamba mana iliyolazwa kwa ajili ya Sabato ndiyo pekee isiyooza. Mtu akitaka kujidanganya hasomi aya ya pili.

Tena nilihesabu jua la Kiogoro. Watu walioniandikia walikuwa na jua lao, kwingine Ijumaa yao haijaisha, na mimi nikawafuta. Mama Hansa aliona kitu. "Hawa watu wa Jumamosi wamepotelea wapi, Kwamboka? Zamani walikuwa wengi." Nikasema labda wamekwenda shamba. Anajua mimi ni mtu wa dini, naye ana miungu yake pale juu ya kabati na maua yao ya kila asubuhi, akaniacha kwa heshima. Ingekuwa heri angenigombeza.

Miezi karibu mitatu nilifanya hivyo. Kisha siku ya Jumanne ukaja ujumbe huu, nao ninaujua kwa moyo: "Kwa duka la vinyago, Kisii. Nimewaandikia Jumamosi nne mfululizo kuomba chungu kidogo cha mawe cha kumpelekea mama yangu Manga. Nimewaandikia kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na mara moja kwa Ekegusii. Kama mmeamua kwamba mtu wa Manga hana haki ya kununua jiwe la kwao, semeni tujue."

Huyo ndiye Makori. Alikuwa karani kwenye kampuni ya chai huko Mombasa, mjane kama mimi, na ofisi yao iliwaachia kompyuta Jumamosi asubuhi tu. Jumanne ile alikuwa amemwomba mkubwa wake ruhusa ya dakika tano, kwa hasira. Nilijibu kwa aibu. Naye akajibu jibu langu. Akauliza, kwa nini Jumamosi hazifiki? Nikamwambia ukweli wote, mimi ambaye sikuwahi kumwambia mtu ukweli wote, pengine kwa sababu sikuuona uso wake. Akaandika: "Mimi ni Mkatoliki, sijui sheria zenu. Lakini barua ya posta ikifika Sabato, unaichoma?"

Nilienda na swali hilo kwa mzee wa kanisa. Alicheka kidogo akasema, "Si ungeniuliza, dada. Iache ilale, uisome Jumapili. Nani alikuambia ufute?" Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimejitungia amri ili nisionekane sijui.

Hapa unaweza kuruka mistari michache. Mwanangu, hujui ilivyo mtu akikuuliza kitu kisha akangoja. Makori ananiuliza, Kwamboka, unaonaje, halafu ananyamaza, ananitazama kana kwamba jibu langu ni mvua inayokuja kwenye shamba lake. Kwenye barua zake za mtandao alikuwa vivyo hivyo. Kila nilichosema kilimbadilisha kidogo, na alichosema yeye kikanibadilisha mimi, mpaka baada ya miezi michache tulikuwa watu wawili wapya ambao hawakuwapo siku ile ya Jumanne. Alipoacha kazi ya pwani akaja kunitembelea dukani, aliingia na kofia mkononi, akashindwa kusema chochote, akanunua rula. Bado tunayo. Nilimpenda kwa sababu ya rula hiyo.

Sasa rudi, usiruke tena.

Wiki moja baada ya kuacha kufuta, barua ya chuo ilifika kwenye sanduku la posta la duka. Ilisema kwamba ujumbe wa kukupa nafasi ulitumwa kwa anwani yako ya mtandao siku ya Jumamosi, wakataja tarehe, kwamba walingoja majuma mawili, na kwa kuwa hukujibu, nafasi amepewa mwingine. Unaweza kuomba tena mwaka unaofuata. Niliisoma nimesimama. Nikaiweka kwenye droo chini ya karatasi za kaboni. Jioni ulinijia ukauliza kama kawaida, "Mama, hakuna kitu?" Nikasema, "Hakuna."

Kabla ya siku hiyo nilipokuambia hakuna, niliamini. Kuanzia siku hiyo ulikuwa uongo.

Unataka kujua kwa nini, nami nimejiuliza sana. Mwanzoni ilikuwa ni kuogopa uso wako. Halafu furaha ikaja, nayo ikazidisha ubaya. Katika miezi ile ile ambayo wewe ulikuwa Manga na kikapu cha chai mgongoni, mimi nilikuwa napata barua zilizonifanya niimbe nikifagia. Niliogopa kwamba nikisema, utaona furaha yangu yote imenunuliwa kwa mwaka wako. Kwa hiyo nilifurahi kwa mkono mmoja na kuficha kwa mwingine.

Na ulipokuja nyumbani siku ile ya mvua, vidole vyako vyeusi kwa utomvu wa chai, ukasema, "Labda akili zangu ni za kuchuma tu, mama, na si vibaya," mimi nilikujibu nini? Nilisema Mungu ana mpango. Nilichukua jina la Mungu nikalibandika ukutani kama tangazo, nikaenda kuchota maji. Katika mambo yote niliyofanya maishani, hilo ndilo ninaloona aibu nalo zaidi, hata kuliko kufuta. Ujumbe niliufuta kwa ujinga. Maneno yako niliyasikia vizuri.

Uliomba tena kwa sababu Makori alikusukuma, akikuambia mtu hakataliwi mara moja tu. Hakujua. Wamekuchukua tena, na wewe umekuwa ukitembea na imani kwamba safari hii ni huruma. Sivyo. Walikutaka mara mbili.

Jumatano tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na Makori. Akasema, "Mogaka ameniambia wamemchukua ili kujaza kiti. Kijana mwenye kichwa kile, nani alimfundisha kujiona mdogo hivyo?" Nikaweka gunzi chini. Nikamwambia yote. Nilitegemea atainuka aende zake, na moyo wangu ulikwisha kumwona akishuka njia ile na kofia yake. Hakuinuka. Alipukuchua gunzi moja mpaka mwisho, kisha akasema, "Mbona unaniambia mimi? Si mimi niliyekaa Manga mwaka mzima."

Nikamwambia nimeshafikiri. Nitaandika barua, nitaiweka chini ya nguo zako, utaikuta ukifungua begi Nairobi. Utakuwa mbali, utakasirika ukiwa peke yako, na hasira zitakwisha kabla ya likizo.

Akatikisa kichwa. "Kwamboka wangu, hapo utakuwa umebandika kibao, ukakimbia."

Unaona mtu niliyeolewa naye. Anakata kidonda na bado anakuita wake.

Unakwenda kujifunza kutengeneza kurasa ambazo watu wanaandika ndani yake. Watakufundisha namna, na utakuwa hodari, sina shaka hata kidogo. Mimi ninalojua kutokana na mashine ile ni dogo: ukimpa mtu mahali pa kuandika, umemwahidi kwamba utasoma. Kumpa mahali kisha usisome ni vibaya kuliko kutompa. Bora kibao. Mimi nilikuzaa, nikakupa mdomo wa kuniuliza, nikawa nafuta.

Sikuombi unisamehe katika barua hii, kwa sababu ombi linalowekwa kwenye karatasi linamlazimisha mtu. Sijui utafanya nini. Unaweza kukasirika mpaka ukaondoka bila kuniaga, na ukifanya hivyo nitakuwa nimepoteza kitu ambacho ndoa hata tamu kama hii haiwezi kunirudishia. Ninajua hivyo, na bado nimeandika. Nina imani nawe kuliko niliyokuwa nayo mwaka jana. Pengine ndilo jambo jema pekee lililotoka ndani ya mwaka ule. Mtu aliyeamini kwamba hakutosha, na bado akaamka kila asubuhi akachuma, akarudi akaomba tena, hatavunjwa na ukweli.

Kwa hiyo barua hii hukuikuta kwenye begi. Unapoisoma ni Jumapili asubuhi: nimekupa mkononi baada ya chai, meza haijatolewa vyombo, na Makori amekwenda kwa ng'ombe kwa sababu nilimwomba atuache. Nimekaa kwenye kiti cha mbele yako tangu ulipoanza mstari wa kwanza. Basi la asubuhi likikuacha, kuna la mchana.

Umefika mwisho wa karatasi, tata, kama tunavyomwita baba kwa Ekegusii. Baba yangu ndiye niliyekupa jina lake, naye hakumeza neno. Inua macho, useme. Nasikiliza.

Mama yako,
Kwamboka